Mfungaji Anayewaomba Radhi Wapinzani

Na msiniambie tena eti ile ni adabu tu. Adabu gani, ya kuwaomba radhi watu waliokuja kutushusha daraja? Nawasikia kwenye baa ya Fuencisla mnavyomtetea Borja Sanchidrián kwa goli moja, eti mimi ndiye mchochezi. Sawa, mchochezi ni mimi. Lakini nilikuwa na sababu, na mtazisikia.

Huyu jamaa ana miaka thelathini na minne na kachezea timu kumi na moja. Baba yake anaziba pancha huko upande wa Ávila. Akiwa na miaka kumi na tisa alichukuliwa na klabu kubwa, akakaa na vijana wao, timu ya wakubwa akaingia dakika saba, mechi ya kirafiki, basi. Tangu hapo ni kuhamahama. Msimu huku, nusu msimu kule, timu moja ikafilisika yeye akiwa ndani, akaenda mpaka Saiprasi akarudi na mafua. Mtu asiyekaa popote ama ana bahati mbaya ama ana jambo. Mimi nikasema ana jambo.

Alipokuja kwetu Valdehierro akapanga chumba juu ya baa. Fuencisla mwenyewe kaniambia: miezi tisa, hajanunua pazia, katundika taulo dirishani. Mtu anayekusudia kukaa anatundika taulo?

Halafu magoli yake. Kafunga kumi na mawili, kashangilia manne. Nimehesabu. Yale manane aliwafunga waliokuwa wenzake zamani, maana kwenye kundi letu karibu nusu ya timu kashazipitia. Kila akiwafunga anainua viganja, anainamisha kichwa, utadhani kavunja sahani ugenini. Sisi tunaruka, yeye anafanya matanga. Mwezi wa tatu nikaanza kumpigia miluzi. Baada ya wiki tatu jukwaa zima lilikuwa linapiga. Rais wa klabu akachoka, akasema basi, msimu ukiisha wanachama watanyoosha mikono: abaki au aende.

Ikabaki mechi moja, nyumbani kwetu, na Montesclaro. Sare tunabaki daraja, tukifungwa tunashuka. Na Montesclaro yeye kacheza misimu mitatu. Asubuhi ile Fuencisla akamwona anakunywa kahawa na mtunza vifaa wao, mzee mmoja, wanacheka kama ndugu. Nikawaambia watu hii mechi imeshauzwa. Nikachukua shuka na rangi ya mlango wa mama, nikaandika MAMLUKI, herufi kubwa kama mtu mzima.

Dakika ya themanini na tatu tuko nyuma, moja bila. Ikapigwa kona. Borja kashikwa shati, karuka hivyo hivyo na shati linachanika, kichwa, wavuni. Sote tuko juu, mbegu za alizeti tulizokuwa tunatafuna zimemwagika kila mahali. Naye kawageukia wale mia mbili wa Montesclaro, kainua viganja. Basi sisi, watu tuliookolewa, tukamzomea aliyetuokoa. Refa alitutazama kama wagonjwa. Tukabaki daraja tukizomea.

Nikamngojea getini, kwenye magari. Sikumsalimu.

"Kaka, unatufungia sisi au unawalilia wao?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa shuka."

"Ndiye mimi. Na ile kahawa ya asubuhi?"

"Yule mzee kanifulia jezi miaka mitatu. Goti lilipopasuka, mkewe alikuwa ananiletea dengu mpaka kitandani. Leo nimewafunga. Unataka niwakatikie viuno?"

"Leo umevaa jezi yetu."

"Ya leo, ndiyo. Mkinifukuza, mwakani nitakuja hapa na jezi ya wengine, maana kazi nyingine siijui. Nikikufunga wewe, kijana, nikufanyie nini?"

Nikamwona kabisa akilini. Yuko mbele ya jukwaa letu, na jezi ya watu, ananichekea usoni. Damu ikanipanda, nusura nimkunje kwa jambo ambalo hata hajalifanya. Nikamwambia hathubutu, labda kama hana haya.

"Umeona sasa," akasema, akaingia kwenye gari.

Mnaosema nimelainika, sijalainika. Simwamini bado. Majibu yake yalikuwa tayari mno, na mtu mwenye majibu tayari huwa kashaulizwa maswali hayo kwingine. Huenda hata na Montesclaro kashaongea. Lakini mfungaji wa magoli kumi na mawili, kama ni wa kushukiwa, nataka nimshuku akiwa upande wetu. Nikisubiri aje kunifunga ndipo nijue kama ataniomba radhi, nitakuwa mjinga wa mwisho.

Alhamisi, saa moja jioni, ukumbi wa klabu. Njooni na kadi za uanachama na mnyooshe mikono abaki. Asiyelipa ada hahesabiwi, kwa hiyo kalipeni kesho.