Pampu ya Kota

Mamangu alizaliwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba ambacho jirani akiishiwa na chumvi hunyoosha mkono dirishani akapewa. Alipoolewa na babangu, mtia rangi katika kiwanda cha nguo upande wa Shimanzi, nyanya alilia kama mtu anayepelekewa binti yake ng'ambo. Na kumbe alikuwa anahamia kisiwa hichohicho, mwendo wa miguu tu, kwenye nyumba za wafanyakazi tulizoziita Kota.

Kota ilichorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo ikajengwa, na hilo ulilijua ukiingia tu. Njia zilikuwa zimenyooka. Nyumba zilipangwa safu kwa safu, zote za vigae vyekundu, kila moja na vyumba viwili, jiko uani na mfereji wake wa maji. Kulikuwa na zahanati, shule ya chekechea, uwanja wa mpira na ukumbi. Msikiti ulikuwa mwisho huu, kanisa mwisho ule.

Siku ya kwanza nyanya alipokuja kutembea, alipotea. Aliingia nyumba iliyopakana na yetu, akavua buibui, akaketi. Mwenye nyumba, mama mmoja wa bara aliyefanya kazi kwenye mashine za kusokota nyuzi, akamkuta sebuleni mwake ametulia. Hakumuuliza kitu. Alimtilia chai, akamtolea na mkate. Nyanya alipomaliza kunywa ndipo akauliza, "Na mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao ni yupi, mama?"

Walicheka hadi wakasikika kwetu. Tangu hapo yule jirani na mamangu wakawa mashoga wa kufa kuzikana, na ni yeye aliyemshika mkono mamangu akampeleka kiwandani kuomba kazi. Mamangu akawa mwanamke wa kwanza katika ukoo wao kufanya kazi ya mashine. Nyanya alinuna mwezi mzima. Kisha akaletewa shuka iliyofumwa na bintiye mwenyewe, akawa anamwonyesha kila mgeni.

Huko ndiko nilikokulia. Zamu zilipobadilishana, njia za Kota zilijaa watu wenye pamba kwenye nyusi, wakicheka kwa sauti kubwa kwa kuwa masikio yao bado yalikuwa na kelele za mashine. Idi tulipeleka sahani kwa jirani, Krismasi jirani akaleta kwetu. Nilipomaliza shule nami nikaajiriwa, nikawa mkaguzi wa vitambaa. Nilisimama mbele ya meza ndefu yenye taa chini yake, nguo ikipita, nami natafuta uzi uliokatika. Niliipenda kazi ile.

Kiwanda hakikufa kwa mara moja. Nguo za mitumba zilijaa sokoni, na nguo mpya kutoka nje zikawa rahisi kuliko zetu. Zamu ya usiku ikaondolewa, ikafuata ya jioni. Asubuhi moja tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo, na askari wa mlangoni, aliyekuwa akitusalimu kila siku, anatazama chini. Mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Zahanati ikafungwa, taa za njiani zikazimika moja moja. Wengi walirudi kwao. Babangu alipata kibarua cha kupakia mizigo bandarini Kilindini, akakifanya mpaka mgongo ukamshinda, na miaka michache baadaye Mungu akamchukua. Nyanya alituma watu wamrudishe mamangu Mji wa Kale.

"Mwambieni nimezipokea salamu zake," mamangu aliwajibu. "Lakini mimi hapa ndipo kwangu."

Nami nikabaki naye. Nilianza kuuza viazi vya karai mbele ya nyumba.

Kitu kimoja tu cha kiwanda kilikuwa bado kizima: pampu. Ilikuwa kwenye kibanda cha mawe ndani ya ua wa kiwanda, juu ya kisima kirefu, na ndiyo iliyotuletea maji Kota nzima. Umeme wake tulichangiana. Kisha tajiri mmoja akanunua kiwanja cha kiwanda ili aweke makontena, na msimamizi wake akaja na mafundi kuing'oa pampu.

Nilikuwa Marikiti kununua viazi. Niliporudi niliwakuta mafundi wamekwishakata waya. Jirani yetu wa bara alikuwa ameketi kwenye mlango wa kibanda, sufuria mapajani, anachambua mchele kama yuko kwake. Mamangu alikuwa ubavuni mwake. Wanawake wengine walikuwa wanawasili na mikeka.

"Mama zangu, tokeni," msimamizi alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Basi nenda kamwambie aliyekutuma aje mwenyewe," jirani alimjibu. "Wewe hatuna ugomvi nawe. Wali ukiiva utakula."

Tulikaa pale kwa zamu, kama zile za kiwandani. Waislamu walisali hapo, Wakristo wakaimba hapo. Maji tulinunua ya mikokoteni, tukayatumia kwa kudonoa. Watoto walikwenda shule na nguo chafu, na nilimwona mamangu, mtu wa usafi kupindukia, akikunja shuka chafu akiziweka kando. Niliogopa kwamba tutashindwa.

Tajiri akaja. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe, simu mbili mkononi. Mamangu alimtazama sana.

"Salaam aleikum, mwanangu."

"Wa aleikum salaam, mama."

"Wewe si wa nyumba ya mlango wa kijani, karibu na kwetu Mji wa Kale? Mamako alipokuwa mgonjwa, nani alokuwa akikuogesha?"

Yule bwana akamtazama vizuri, kisha akainama akambusu mkono. Lakini hakuwa mtu wa kulegezwa na kumbukumbu. Akasema kiwanja amekinunua kwa haki na makontena lazima yaingie.

"Yaingie," mamangu akasema. "Nani kakukataza? Kibanda hiki kiko pembeni kabisa. Jenga ukuta wako upite nyuma yake, mlango wa kibanda uelekee kwetu. Pampu tutaitunza sisi."

Alizunguka kile kibanda, akapima kwa macho, akamwita msimamizi wakanong'ona. Mwisho akageuka.

"Haya, mama. Ukuta utapita nyuma."

Vigelegele vilivyopigwa nadhani walivisikia hadi kivukoni Feri. Wanawake walimnyanyua mamangu juujuu, naye alivyo mzito, anapiga kelele, "Nishusheni! Mtanivunja!" huku anacheka machozi yanamtoka. Jirani alibebwa na sufuria yake. Tajiri akaacha mafundi wake waunge waya tena, na msimamizi, kweli, akapewa sahani ya wali.

Ukuta ulijengwa kama alivyoahidi. Pampu bado inafanya kazi. Nyumba zilizokuwa tupu zimepata watu, na mimi ni mmoja wa wale wanaoitunza pampu.

Lakini siku ile yenyewe, maji yalipofika kwenye mifereji, hakuna aliyelala mchana. Kila nyumba ilitoa mashuka, mapazia, mito, foronya, hata nguo zilizokuwa safi. Tulifua hadi sabuni ikaisha madukani, tukafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na njia zote za Kota zikafunikwa na nguo nyeupe zinazopepea.