Fulana ya Kijani ya Carys

Glenys alikuwa na mdomo, na kila Mei mji wao mzima huko Wales uliujua. Alisimama mlangoni pa kanisa na keki zake za zabibu, akimwandama kila apitaye.

"We Dafydd, usijifanye hunioni! Mshipa wa kichwani hauogopi bahili!"

Dafydd, muuza nyama, alicheka akatumbukiza noti katika ndoo yake ya michango.

Fedha zilikwenda kwa watafiti wa mishipa ya ubongo inayovimba na kupasuka. Mshipa wa namna hiyo ulimuua dada yake Glenys jikoni, chungu kikiwa motoni. Ugonjwa huo hufuata damu: madaktari wakagundua mshipa mwingine kwa Carys, binti wa marehemu, mahali pasipoweza kufanyiwa upasuaji. Huenda ungepasuka, huenda usipasuke, hakuna aliyejua. Glenys alitaka wajue, hilo tu, kabla mtoto hajamtoka.

Baada ya keki yalikuja matembezi ya hisani. Waliofiwa huvaa fulana nyeupe yenye jina la marehemu mgongoni. Wagonjwa huvaa kijani. Glenys nyeupe, Carys kijani, na Mali, binti wa Carys, akikimbia mbele yao.

"Mama mdogo, unatembea kama bata," Carys alitania.

"Bata huyu ndiye aliyekulea, mshenzi wee!"

Mwaka mmoja, baada ya matembezi, watafiti waliwaalika wachangiaji chai. Daktari wao hakuficha: bado hawawezi kuutambua mshipa utakaopasuka. Wanahitaji fedha zaidi.

Glenys akainuka. "Zaidi? Nioke keki mpaka lini, daktari?"

Carys akamvuta Glenys sketi. "Kaa, mama mdogo. Mimi si nipo?"

Alikuwepo mpaka Pasaka iliyofuata. Alianguka bafuni, asiamke tena.

Siku ya matembezi, msichana mgeni aliyegawa fulana na kuandika majina alimuuliza Glenys anataka zipi.

"Nyeupe moja, kijani moja," alijibu kama miaka yote.

Dafydd, nyuma yake, alimshika bega. "Glenys. Ya kijani ya nani?"

"Najua! Najua, mjinga wee!" Akalia palepale, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Dafydd alimtajia yule msichana majina; akachukua fulana nyeupe, akaandika la mama yake Carys, akaanza la Carys mwenyewe kwa herufi kubwa. Glenys alimtazama Mali aliyeishika ndoo, kisha akauzuia mkono wenye kalamu.

"Andika dogo, mwanangu," alisema. "Acha nafasi chini."