Buli la Bi Mwanaidi

Sie tuliosoma bweni enzi za Mwingereza tunajuana kwa kitu kimoja: hatubakizi chakula sahanini. Shule yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, huko njia ya Bagamoyo, na wasichana walitoka kila upande: Uganda, Unyasa, Kongo, hata Ushelisheli. Uji ulinuka moshi, na tulioga kisimani kabla hakujapambazuka, huku meno yanagongana. Wajukuu zangu wakilalamika maji ya bomba ni ya baridi, nawatazama tu.

Likizo ya Pasaka ilikuwa fupi, wa mbali hawakuweza kwenda kwao, basi kila mwenyeji alichukua mgeni mmoja nyumbani. Mie nikapewa Namusoke wa Uganda, ambaye baba yake alikuwa na gari. Kwetu Temeke tulikuwa na chumba na ukumbi, na vikombe vya bati vilivyobanduka rangi.

Mama akazunguka kuazima: kitanda kwa shangazi, shuka kwa mke wa katekista, na buli la kauri lenye maua ya buluu kwa jirani yetu, Bi Mwanaidi.

"Mgeni asijue shida zetu," akaniambia. "Na wewe ufunge huo mdomo."

Namusoke alipofika akapiga magoti mavumbini kumwamkia mama, kama desturi ya kwao. Mama nusura alie. Chai ilipoletwa, mgeni akaligusa lile buli akasema, "Mama, hili ni zuri sana."

"Chukua, mwanangu. Ni lako."

Yesu wangu! Nilitamani ardhi inimeze. Mama alilelewa hivyo, mgeni akisifu kitu apewe, na maneno yalimtoka kabla hajakumbuka buli ni la nani. Jasho likamtoka puani, lakini hakuyarudisha.

Jioni nikasikia hodi. Bi Mwanaidi huyo, amefuata buli lake. Namusoke alikuwa amelipakata. Akatutazama, akaelewa, akapiga magoti tena na kumnyooshea mwenyewe buli kwa mikono miwili. Mie nikaangalia ukuta, aibu imenijaa mpaka masikioni.

Bi Mwanaidi akamtazama mama, kisha akacheka. "Aa, hilo si langu, mwanangu. Langu lina ufa."

Halikuwa na ufa hata kidogo. Mwaka ule mama alimsukia Bi Mwanaidi mikeka mpaka vidole vikachubuka, na mie niliporudi bweni nililiona buli lile juu ya sanduku la Namusoke kila siku, nikainamisha kichwa. Niliona haya kwa umaskini wetu.

Siku hizi haya yangu ni nyingine. Nina kabati la kioo, limejaa vyombo, vyote vyangu, na funguo ninalala nazo. Juzi binti wa jirani alikuja kunijulia hali, akavisifu vikombe vyangu.

Nikamwelekeza duka.