Mbaazi ya Lavenda

Rosalba anajua kutengeneza mafuta. Kupika hajui sana, na hiyo nilimwambia mwenyewe mbele ya bwana yake, kwa hiyo hapa sisengenyi mtu.

Namjua tangu siku alifika Kampala. Bwana yake Ojera alikuwa konstebo, kijana mwembamba wa Kitgum, na sisi wote tulikaa kambi moja ya polisi, kwenye zile nyumba za bati za mviringo tunaita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango ni mfupi na usipoinama unaacha ngozi ya uso hapo. Wanawake wengine walikuja kambini na redio na kabati. Huyu alishuka kwenye lori na godoro moja na jerikeni ya mafuta ya yaa. Yaa ni ule mti wa kwetu kaskazini. Hakuna mtu anaupanda, unaota wenyewe porini, na ndani ya kokwa yake kuna mafuta. Nilimcheka. Wiki ya pili mtoto wangu Okidi akatoka upele mwili mzima, Rosalba akamkanda na yale mafuta siku tatu, upele ukaisha. Nikaacha kucheka. Shukrani sikumpa, maana alikuwa bado mdogo na angevimba kichwa.

Sasa Ojera amestaafu, wanakodi vyumba viwili nyuma ya kambi, mlango wao na wangu zinatazamana, na Rosalba anatengeneza vitu vya kuoga na kupaka. Kuna mafuta, kuna sabuni ya majivu, kuna kile kitu cha kusugua mwili: sukari, asali, mafuta, na kahawa ya kusaga. Wanawake wa fleti za Bugolobi wanaagiza kwa wasapu. Wanaingia bafuni wanajisugua na kahawa. Mimi kahawa nakunywa.

Lakini kazi yake ni kazi, hapo siwezi kusema uongo. Dada yake anamtumia kokwa kwa basi. Anazivunja moja moja juu ya jiwe, anakaanga, anatwanga mpaka inakuwa uji mweusi, halafu anakaa chini na beseni katikati ya miguu na kuukanda na maji. Anakanda asubuhi yote. Mkono unazunguka, unazunguka, na ghafla ile kitu nyeusi inageuka nyeupe kama povu ya sabuni. Anaiosha, anaichemsha, mafuta yanapanda juu, anayachota. Abwola, binti yake, alitaka kumnunulia mashine. Akakataa. Alisema mashine haiwezi kujua saa ya kuacha.

Na kwetu mafuta ya yaa ni mamoja tu. Mtoto akizaliwa unampaka. Bibi arusi unampaka. Halafu unarudi jikoni na kopo lile lile, unamwaga juu ya ngor, ile mbaazi ya kupasua inayopikwa mpaka inakuwa laini, na unakula. Hakuna mtu aliwahi kuuliza kama hii ni chakula au ni ya mwili.

Abwola ndiye alileta shida. Amesoma chuo cha Kyambogo, ni mwalimu, ana akili ya lebo na picha. Siku moja akamwambia mama yake, "Mama, wateja wanasema mafuta yananuka moshi. Tutie lavenda, yale marashi ya maua."

Nilikuwa nimekaa hapo. Nikamwambia Rosalba, "Ukitia marashi, utakula vipi?"

"Nitatenga, Mama Okidi. Kopo la kula hapa, la kuuza pale."

"Kopo zako zote ni sawa, kifuniko cha buluu."

"Si niko na pua?"

Sawa. Pua. Nikaenda zangu.

Basi huko Kyambogo Abwola alipata mchumba, Tresor Kakule, kijana wa Kikongo, mpole, viatu safi. Miaka minne wanapendana. Lakini huyo Tresor hapigi hatua bila mama yake, na alimwambia Abwola wazi: mama akikataa, hakuna ndoa. Mama yake anaitwa Marie-Jeanne. Alikimbia vita kutoka Butembo na watoto wawili mgongoni na mmoja mkononi, hiyo namheshimu. Ila hapa Kampala amefungua duka la mkorogo, zile krimu za kujichubua. Yeye mwenyewe ndiye tangazo. Uso wake ni rangi ya papai, na vifundo vya vidole vyake ni kama chini ya sufuria, kwa sababu vifundo havikubalianagi na ile dawa.

Binti yangu Akwero alipaka kitu hiyo miaka miwili. Leo hawezi kusimama juani hata kuanika nguo, uso unamuwaka. Aliyemuuzia hakuwa Marie-Jeanne, alikuwa mwingine huko mjini. Kwangu ni wamoja. Sijasamehe hata mmoja wao, na sina haraka.

Marie-Jeanne akatuma neno na Tresor: nitakuja kula kwao mara moja, nikitoka pale nitasema ndiyo ao hapana. Alikuwa amesikia watu wa kambi ni wachafu na walevi. Abwola akaacha kulala. Alifua mapazia mara mbili, pazia ambalo halina kosa. Rosalba akaja mlangoni kwangu.

"Mama Okidi, Jumamosi uje ukae na sisi. Mimi sina mama hapa, wewe ndiye mkubwa wangu."

"Nitakuja."

"Lakini mdomo wako uuache nyumbani."

Nikamwangalia. Akasema, "Tafadhali. Ni maisha ya mtoto."

Nikakubali. Na mimi nikikubali kitu nakishika.

Sasa sikia akili ya huyu mwanamke. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa Bugolobi aliagiza kopo arobaini za lavenda za kugawa kwenye sherehe yake. Nikamwambia Rosalba asogeze hiyo kazi mbele. Hapana, alishaahidi. Tangu Alhamisi anayeyusha, anapoza, anatia matone, anakoroga. Lavenda hutiwa mafuta yakishaanza kupoa, ukitia kwenye moto inakimbia yote na mvuke. Kwa hiyo alikuwa anainamia sufuria mchana kutwa kungoja saa yenyewe. Ijumaa mimi nilipiga chafya nikiwa bado getini. Nyumba nzima ilinuka, mapazia yalinuka, paka wa jirani aliacha kuja. Nikamuuliza, "Husikii hii harufu?" Akavuta pumzi, akasema, "Harufu gani?"

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa niuache nyumbani.

Jumamosi wakaja saa saba. Marie-Jeanne amevaa kitenge kipya na kilemba kikubwa, Tresor nyuma yake amebeba kreti ya soda. Salamu zikapita vizuri. Aliangalia mapazia, aliangalia sakafu, aliangalia chini ya kiti alipoinama kuweka mkoba. Abwola alipiga magoti akamnawisha mikono, na yeye akaangalia kucha za msichana. Safi. Nikamwona Abwola anapumua.

Rosalba akaleta kuku, akaleta ugali wa wimbi, mwisho akaleta ngor kwenye bakuli kubwa, inatoa mvuke. Halafu, kwa madaha, akachukua kopo la kifuniko cha buluu, akachota kijiko kimejaa, akakizungusha juu ya mbaazi mbele ya wageni. Mafuta yakayeyuka. Mvuke ukapanda.

Watu wote tulisikia isipokuwa yeye. Ilikuwa kama mtu ameoga kwenye bakuli. Abwola akashika meza. Ojera, ambaye miaka thelathini ya ndoa imemfundisha, alikata tonge, akachovya, akameza, akachovya tena, macho mbele kama yuko gwaride.

Marie-Jeanne akaonja. Akatafuna pole pole, na mbaazi ile haina kitu cha kutafuna. Akaweka tonge chini.

"Mama Abwola, muniache niulize. Hii ni chakula ao ni losheni?"

"Ni ngor, mama. Chakula chetu."

"Mimi niko nasikia sabuni mu kinywa. Sisemi bongo, ni kweli. Tresor, onja."

Tresor akaonja. Maskini alitaka kusema ni tamu, lakini machozi yalimtoka.

Ndipo Rosalba akachovya kidole, akalamba. Pua ilikuwa imekufa, ulimi ulikuwa mzima. Nilimwona anaelewa. Akaangalia kopo la mezani, akageuka akaangalia lile lingine lililobaki kwenye rafu, buluu na buluu.

Abwola akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ni majani ya huko Kitgum, si ndiyo? Ni kiungo." Alikuwa anampa mama yake mlango wa kutokea. Mwalimu mzima.

Rosalba akasema, "Hapana. Ni ya kupaka. Nimekosea kopo." Akakaa chini, akavuta lile bakuli mbele yake. "Mama Tresor, kwetu mafuta ya kula na ya kupaka yanatoka sufuria moja. Haya nimeyaongeza marashi ya wateja, basi. Kitu siwezi kutia mdomoni, sikitii kwa ngozi ya mtu." Akakata tonge, akala. Akala lingine. Alikuwa anakula na macho yamemtoka, na alikuwa anaendelea.

Marie-Jeanne akaangalia mtoto wake, akaanza kuvuta mkoba kutoka chini ya kiti. Abwola aliuona ule mkono unaenda kwa mkoba, akafumba macho.

Mimi nilikuwa nimeshika ahadi tangu asubuhi. Ilikuwa nzito, nikaiweka chini.

"Mama Tresor," nikasema, "na ile ya dukani kwako, unaweza kuitia kwenye mbaazi?"

Ojera akaacha kutafuna. Rosalba akaniangalia kwa macho ya kuniua. Tresor akaanza kuhesabu misumari ya dari.

Marie-Jeanne akasimamisha mkoba nusu njia. Aliniangalia mimi, halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, ile imeshika mkoba, vifundo vyake juu.

"Ile yangu?" akasema. "Ile yangu, mama mukubwa, siweki hata ku meza pa kula. Naficha juu ya kabati, wajukuu wasifikie." Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Unakuwa na ulimi mubaya."

"Najua."

"Mama Abwola, wacha kula hiyo, utagonjwa. Iko ingine haina maua?"

Iko. Rosalba alirudi na kopo la pili, na safari hii alimpa Abwola anuse kwanza. Mbaazi ikapakuliwa nyingine. Marie-Jeanne akala, akaongeza, akauliza inapikwa saa ngapi, akasema kwao wangeongeza pilipili. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Jioni nilitoka kumwaga maji, nikawakuta wawili nyuma ya jiko. Marie-Jeanne amekaa kwenye kigoda, mikono yake iko kwenye mapaja ya Rosalba, na Rosalba anamkanda vifundo na dole gumba, kimoja kimoja, vile anakanda watoto. Nikasikia Marie-Jeanne anauliza, "Itarudi?"

"Rangi sijui. Ukiacha ile nyingine, labda. Ngozi italainika, hiyo najua."

"Nikiacha, nitauza nini?"

Rosalba akaendelea kukanda. Baadaye Marie-Jeanne akasema, "Siku ya ndoa, huyu mutoto wangu, utamupaka hii. Ile haina maua." Mutoto wangu. Alikuwa anamaanisha Abwola. Nikarudi ndani na ndoo yangu kabla hawajaniona.

Ndoa ni Desemba. Duka la mkorogo bado liko wazi, nilipita nikaangalia. Lakini kwenye rafu ya mbele sasa kuna kopo sita za kifuniko cha buluu. Mimi huyo mama sijamsamehe. Sita ni kidogo. Tukikutana ananisalimia "ulimi mubaya", nami namwitikia.

Rosalba amefunga uzi mwekundu kwenye kopo la kula, na anasema mambo yamekwisha. Jumapili aliniletea bakuli la ngor, na kopo la uzi mwekundu mkononi nilione. Nilimshukuru vizuri, nikalinusa mbele yake mara mbili, halafu nikala.