Mwanga Uliohesabu Manjano

Mjukuu wangu wa kwanza alipofika siku tatu alikuwa mweupe hadi majirani wakaanza kuja kumtazama. Mama mzazi wa mume wangu alikuwa mweupe hivyo hivyo, na kwetu sisi waliotangulia hurudi kwa njia ya watoto. Basi ikaamuliwa bila kikao: bibi amerudi. Mume wangu, mzee asiyecheka ovyo, alimbeba kichanga huyo uani akimzungushazungusha ili kila mtu aione ile rangi.

Tena alikuwa mpole. Alinyonya mikupuo miwili akalala, na ukimwamsha anafumbua jicho moja, anakutazama kama mtu uliyemkatiza mazungumzo, analifumba. Nilimwambia mke wa mwanangu kwamba Mungu amempendelea, maana baba ya huyo mtoto alinililia miezi minne bila kupumzika. Ninayakumbuka maneno hayo na ninaona haya.

Siku ya nne alikuja mama anayetembelea nyumba za mtaa wetu kwa mambo ya afya. Namfahamu tangu akiwa msichana, kwa hiyo sikumwogopa. Alimbeba mtoto mlangoni penye mwangaza, akambonyeza ncha ya pua kwa kidole gumba, akaachia, akatazama.

"Usimbonyeze hivyo, si parachichi," nikamwambia.

"Mama, ananyonyanga vizuri?"

"Analalanga tu. Ni mtoto mwenye adabu."

"Mama, huyu si mweupe. Huyu ni wa manjano."

Nilikasirika. Nilimwambia kwetu kuna watu weupe, aulize. Hakubishana nami. Alilifumbua jicho la mtoto taratibu, akaniita nione. Ile sehemu inayopaswa kuwa nyeupe ilikuwa ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nilikuwa karibu kumfukuza mgeni. Tulipanda bodaboda mbili kwenda hospitali, mkwe wangu na mtoto mbele, mimi nyuma yao, nikisali kila tulipopita shimo.

Hospitalini nilijiandaa kwa sindano. Sista aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alitoa kidude cha kuenea mkononi, mfano wa vile walivyotuelekezea kwenye paji la uso kupima joto siku za korona. Akakigusisha kifuani pa mtoto. Kikamulika mara moja, ta! Akasoma namba: kumi na tisa.

"Unaanza lini?" nikamuuliza.

"Nimeshamaliza, Kukhu," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Damu tutachukua kidogo tu ya kuhakikisha."

Nilimshika mkono. Nilimwambia mimi ni mtu wa shamba lakini si mjinga, anieleze. Naye, Mungu ambariki, akanieleza. Damu ya mtoto mchanga ikichakaa huacha kitu cha manjano, na ini lake bado halijapata nguvu ya kukitoa. Kikizidi hupanda ubongoni. Anaweza kuwa kiziwi, anaweza kulemaa, anaweza kulala asiamke. Kwenye ngozi zetu nyeusi jicho hukosea kukiona. Lakini mwanga wa buluu haukosei, kwa sababu kile kitu cha manjano huula. Kidude hutuma mwanga ndani ya ngozi, kisha husubiri unaorudi na kuhesabu uliopungua. Uliopungua ndio ulioliwa, na huo ndio kipimo; na kumi na tisa ni nyingi mno kwa mtoto wa siku nne.

Nimeishi na mwanga miaka yangu yote. Nimeanika mahindi juani, nimeanika nguo, nimelalamika jua likizidi na nikalalamika likikosa. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanga unaweza kuingia ndani ya mtu, ukakuta kitu kisichoonekana, ukatoka na kusema kiasi chake. Nilisikia baridi mgongoni, ile ninayoisikia kanisani wimbo ukishika.

Na ajabu haikuishia hapo. Dawa yenyewe ilikuwa mwanga. Mtoto aliwekwa uchi chini ya taa za buluu, macho yamefungwa kwa kitambaa, na kifuani wakambandika kipande kidogo cha kuzuia mwanga, ili kidude kisidanganywe na ngozi iliyokwisha kusafishwa. Ule mwanga ulikuwa unakivunjavunja kile kitu hadi kiweze kutoka kwa mkojo na choo. Nilikaa pale nikitazama mjukuu wangu akioshwa na kitu kisicho na maji.

Kesho yake asubuhi ikawa ishirini. Mkwe wangu akalia waziwazi. Sista akasema tusubiri, akatuagiza tumnyonyeshe zaidi. Jioni ikawa kumi na saba, keshoye kumi na tatu. Hapo mtoto akaamka, akanyonya kwa pupa, weusi wake mzuri ukajitokeza, akapiga kelele wodi nzima ikageuka.

Wakati wote huo nilikuwa na swali, na sasa nilikuwa na nafasi ya kuliuliza. Kabla ya baba ya huyu mtoto nilizaa mwingine, wa kiume. Naye alisifiwa weupe, naye alikuwa mpole, na siku ya tano hakuamka. Wanawake walisema nilitoka shambani nikamnyonyesha maziwa yaliyochomwa na jua. Watoto wote waliofuata, kabla sijawapa ziwa, nilikamua kwanza chini, kila mara, mchana na usiku, kwa hofu.

Sista alinisikiliza hadi mwisho. "Siwezi kuapa, Kukhu, sikumwona," akasema. "Lakini unavyonieleza, inafanana na hii. Na maziwa hayachomwangi na jua."

Tuliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu akikata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mwanga, namba, kile kitu cha manjano, na mtoto wetu yule ambaye hatujamtaja tangu tulipomzika. Aliweka panga chini.

"Kumbe haikuwa maziwa yako," akasema.

Miaka yote hiyo nilijua wanawake wa mtaa waliamini ni maziwa yangu yaliyomuua. Sikujua kwamba na yeye aliamini, na akaendelea kula chakula changu bila kunitupia neno. Nilikaa juu ya majani yaliyokatwa nikalia, na yeye akakaa kando yangu.