Vigelegele Vitano vya Msichana

Mjukuu wangu alipewa nafasi ya mama aliyejifungua, katika mchezo wa kuigiza wa shule yao hapa Gatitu. Huyo mtoto ana aibu. Kwenye mazoezi alikuwa akinyamaza katikati, mpaka mwalimu akaanza kumtafutia mtu wa kushika nafasi yake.

Mwalimu aliomba wazazi waje kupiga vigelegele nyuma ya pazia. Mimi sikusoma sana, lakini sauti ninayo, nikaenda. Tulikuwa wawili, mimi na mke wa polisi aliyehamia huku kutoka magharibi. Kwetu msichana akizaliwa tunapiga vigelegele vitatu, mvulana vitano. Sikumwambia mwenzangu, nilidhani kila mtu anajua.

Mtoto wa mchezo alikuwa msichana. Nilipiga vitatu nikafunga mdomo. Yeye akaendelea: cha nne, cha tano!

"Wee! Nyamaza!" nikamfinya.

"Kwani Cucu, furaha inahesabiwa?" akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu.

Wazee ukumbini walishaanza kucheka, "Ni kijana! Ni kijana!" Mjukuu wangu akanyamaza. Nilichungulia kwenye pazia. Alimtazama yule mtoto wa vitambaa mikononi mwake, kisha akainua kichwa.

"Ni msichana," akasema. "Na hivyo vitano ni vyake vyote."

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walisimama wakapiga vitano tena, hata wale wazee kuliko mimi. Mimi nilishindwa kupiga hata kimoja. Nililia kama mjinga, na mke wa polisi akanipangusa uso kwa leso yake.