Chuo cha Bei Nafuu Tulichokwenda Kukiona

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule niliyopangiwa huko mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Lituhi, hakunipeleka darasani. Alinipeleka maabara, akasimama mlangoni, akaniambia, "Binti, humu ndani usiamini lebo hata moja."

Nilidhani ananitania. Nilichukua chupa iliyoandikwa kuwa ni chumvi ya mezani, nikachovya waya safi, nikaupitisha kwenye moto. Chumvi ya mezani hugeuza mwali kuwa wa njano. Ule ulitoka wa zambarau. Mtu alikuwa amejaza kitu kingine na kuacha jina la zamani.

"Umeona?" alisema Mkuu, akaondoka zake kwenda kununua samaki wa mbasa ufukweni.

Ndivyo nilivyoanza ualimu wa kemia. Miaka niliyokaa pale ilinifundisha kunusa, kupima na kurudia kipimo kabla ya kusema lolote mbele ya wanafunzi. Nilipohamishiwa milimani, kwenye shule ya sekondari ya huku Mbinga, tayari wenzangu walikuwa wakinisema kuwa sinywi hata chai ya mtu kabla ya kuikagua.

Mkuu wangu mpya alikuwa mtu nadhifu na mpenda maendeleo. Pamoja na vipindi vyangu, alinipa kazi ya ushauri wa masomo, yaani kuwasaidia vijana wa kidato cha nne kujua waende wapi baada ya mtihani. Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Serikali ilichagua, serikali ikalipa, kijana akafunga sanduku. Lakini sasa tulikuwa tumeingia enzi za soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipanda hadi vijijini na mizani zao, uchangiaji wa gharama ulikuwa umeingia mashuleni, na vyuo vya watu binafsi vilichipuka kila mahali. Ghafla mzazi mwenye kahawa alikuwa mteja, na kila aliyekuja kwetu na koti alikuwa na kitu cha kuuza.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo Anastazia, binti wa Mzee Kinunda wa Matiri. Alitaka uhandisi wa kemikali. Wengi hawakujua ni kitu gani, nami niliwaeleza hivi: mkemia anatengeneza sabuni ndani ya chupa, mhandisi wa kemikali anaitengeneza ndani ya matangi makubwa kama nyumba, usiku na mchana, bila kiwanda kulipuka. Anastazia aliposikia hayo hakutaka tena kusikia habari za ualimu wala uuguzi.

Muhula wa mwisho alikuja bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa Mratibu wa chuo kipya. Alitugawia kalamu na kalenda. Chuo chake, alisema, kinatoa shahada ya uhandisi wa kemikali kwa ada ndogo kuliko vyote, na kinapokea hata waliomaliza kidato cha nne. Mkuu alitabasamu muda wote. Mimi nilinyoosha mkono.

"Ndugu Mratibu, mtambo wenu wa kukenekea una ukubwa gani?" Huo ni mtambo unaochemsha mchanganyiko na kukusanya mvuke wake, ili kutenganisha kimiminika kimoja na kingine. Bila huo sijui mhandisi wa kemikali anajifunzia wapi.

"Inategemea idadi ya wanafunzi, Mwalimu," alijibu bila kusita.

Nilikaa chini; mtambo haukui wala kusinyaa kwa idadi ya wanafunzi. Ofisini Mkuu aliniita. "Mwalimu, unawavunja watoto moyo. Watu wanatuletea elimu mlangoni, wewe unauliza maswali ya mtihani."

"Mkuu, shahada moja kwa moja kutoka kidato cha nne, umewahi kuisikia?"

"Mambo yanabadilika," alisema, akafungua mlango nitoke.

Walimu wenzangu walinong'ona kuwa amepewa kitu kidogo. Nami nilishaanza kumtazama kwa jicho hilo.

Jumamosi nilipanda kwenda Matiri. Mzee Kinunda nilimkuta kwenye ngolo zake, yale mashimo ya kilimo chetu cha Wamatengo, akifukia majani. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakuacha jembe.

"Mwalimu, niambie ukweli. Mkuu wako anasema chuo ni kizuri. Wewe unasema subiri. Wewe unapata nini mwanangu asiposoma?"

"Sipati kitu, mzee."

"Kila anayekuja siku hizi anasema hapati kitu. Hata wale wa mizani."

Nilimwambia tu, "Basi usiniamini mimi, wala Mkuu. Twende tukakione."

Alikubali, kwa sharti kwamba binti aje pia, "maana nyie wawili mnaweza kuzungumza lugha yenu mkaniacha."

Tulisafiri hadi mji wa chuo kile bila kuwaarifu. Jengo lilikuwa zuri, limepakwa rangi mpya. Makamu mkuu wa chuo alishtuka kutuona, kisha akatutembeza. Maabara ilimeremeta. Vyombo vya kioo vilipangwa kwa safu, meza hazikuwa na doa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Maabara inayotumika ina harufu, ina meza zilizoungua. Ile ilinuka rangi ya ukutani.

Anastazia alifungua bomba la sinki. Halikutoa kitu.

"Maji yamekatika leo," alisema Makamu.

Binti aliinama chini ya meza, akakaa huko kidogo. Alipoinuka, alimgeukia baba yake, si mimi. "Baba, hakuna paipu. Bomba limepachikwa tu."

Mzee Kinunda naye aliinama akatazama. Hakugomba. Alivaa kofia yake, akamwambia Makamu, "Asante kwa kututembeza," akatoka nje. Njiani kurudi kituoni, nilipotaka kumfariji aliniinulia mkono ninyamaze.

Nilimpendekezea chuo cha ufundi cha serikali: stashahada ya ufundi sanifu wa maabara kwanza, ada ndogo ya kweli, kisha kazi kiwandani, kisha shahada. Njia ndefu. Akasema, "Na hicho nacho tukakione." Tulikwenda. Harufu ya amonia ilitupokea getini, na mkufunzi aliyetujia alikuwa na mikono ya koti iliyotobolewa na asidi na hakuwa na muda wa kutubembeleza. Anastazia alianza pale mwaka huohuo. Baadaye alipata shahada yake, na hadi leo ni mhandisi katika kiwanda cha sukari.

Niliporudi shuleni na kusema tulichokiona, Mkuu aliniondoa kwenye kazi ya ushauri. Alisema nina wivu na vyuo vya watu. Na msimu ule alimpeleka mwanawe mwenyewe, Benedikti, kwenye chuo kile. Hapo minong'ono ya rushwa ilikufa. Mtu hauzi mtoto wake kwa kalenda. Alikuwa ameamini.

Chuo kilifungwa Benedikti akiwa katikati ya masomo. Cheti hakukipata. Alirudi kuanza stashahada pamoja na vijana waliokuwa kidato cha pili wakati yeye anaondoka.

Sasa nimestaafu. Vijana wananionesha vyuo kwenye simu, picha nzuri kupindukia. Nawaambia: ulizeni ni viwanda gani vinavyopokea wanafunzi wa chuo hicho kwa mafunzo ya vitendo. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mbali na ofisi za wakubwa, mmuulize amegusa mtambo gani kwa mikono yake. Ada ndogo ni jambo jema, lakini ulizeni inanunua nini.

Mwaka jana nilimkuta Mkuu wangu sokoni Mbinga, amezeeka, anachagua maharage. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba." Alitupa kando punje moja iliyotobolewa. "Benedikti bado ananiuliza kama hakukuwa na mtu wa kunionya."

"Unamjibuje?"

"Namwambia alikuwapo," alisema. "Nikamwondoa kwenye ushauri."

Alimlipa muuzaji, akachukua mfuko wake, akaondoka. Sikumfuata.